Kivuli cha kukunja: Miavuli ya Madina ilikotoka

Tarehe 31 Mei 2025, siku tano kabla ya kisimamo cha Arafa, ilitimia miaka 100 tangu azaliwe Frei Otto. Huku kwetu jina hilo halimwambii mtu kitu. Lakini mwombe hujaji yeyote aliyerudi Unguja, Mombasa, Ujiji au Bujumbura akuonyeshe picha za safari yake, na haitachukua muda utaiona kazi iliyoanzia kichwani mwa Mjerumani huyo: miavuli mikubwa ya Msikiti wa Mtume, Madina, imekunjuliwa yote, na hujaji amesimama chini yake na kanzu yake nyeupe, anatabasamu.

Miavuli ya uwanjani ni 250. Mmoja ukikunjuliwa unafunika mraba wenye ubavu wa mita 25.5, na yote kwa pamoja inatia kivuli eneo la zaidi ya mita za mraba 140,000. Asubuhi hufunguka, jioni hujikunja na kubaki nguzo nyembamba, na anga la Madina likarudi juu ya vichwa vya watu. Mahujaji huisimulia kama moja ya maajabu ya safari, na wana haki. Ila simulizi hukomea kwenye ajabu. Ilitoka wapi? Nani aliichora? Njia yake ni ndefu, na inapita mahali ambapo hakuna ambaye angedhani: kambi ya mateka wa vita, kiwanda cha mahema, na jukwaa la bendi ya rock ya Uingereza.

Sehemu kubwa ya habari hizi imo katika kitabu ambacho Otto na mwanafunzi wake Bodo Rasch walikichapisha mwaka 1995, kilichotokana na maonyesho yao ya mwaka 1992 mjini Munich. Makala haya yanakiegemea sana. Kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba anawasikia zaidi wenye kazi wakijisimulia. Upande wa pili wa ugomvi, maana ugomvi upo, utafika kwa zamu yake.

Otto alizaliwa Siegmar, karibu na Chemnitz, katika ukoo wa wachongaji sanamu. Baba alikuwa mchongaji na babu vilevile. Yeye mwenyewe alijifunza uashi wa mawe, akapenda kurusha ndege zisizo na injini, na vita vilipopamba moto akafanywa rubani. Mwaka 1945 alitekwa. Akapelekwa kambi ya Chartres, Ufaransa, akakaa huko miaka miwili akishughulika na ujenzi wa kambi. Mbao hazikuwepo za kutosha, chuma hakikuwepo, saruji ndiyo usiseme. Kazi ilikuwa kuwasitiri watu wengi kwa vitu vichache. Kijana aliyekulia kwenye mawe na mabawa ya ndege alitoka Chartres na swali moja ambalo hakuliacha mpaka uzeeni: ni kiasi gani kidogo kabisa cha vifaa kinachotosha kumkinga mtu na jua na mvua?

Mwaka 1954 alipata shahada ya udaktari kwa tasnifu kuhusu mapaa yanayoning'inia. Mwaka uliofuata akaalikwa kutengeneza banda la wanamuziki kwenye maonyesho ya bustani mjini Kassel.

Hapo ndipo anaingia mtu ambaye historia humpa mstari mmoja tu, nasi tumpe angalau aya. Peter Stromeyer alikuwa mwenye kiwanda cha mahema mjini Konstanz, biashara ya ukoo iliyoanza karne ya 19. Kiwanda kilijua kushona: kilijua pamba ipi inavutika, mshono upi unaachia, kona ipi huchanika kwanza upepo ukikaza. Otto alijua hesabu na maumbo. Mmoja alichora, mwingine akakata na kushona, na matokeo yalisimama Kassel mwaka 1955: kitambaa cha pamba kilichoshikwa pembe nne, mbili zimeinuliwa juu ya nguzo na mbili zimevutwa chini kabisa. Basi. Wanamuziki walikaa chini yake na watu wakashangaa kuona turubai lisilolegea wala kupepea.

Siri yake ni rahisi kuieleza kwa yeyote aliyewahi kukaa harusini siku ya mvua. Turubai lililotandazwa bapa hujaa maji katikati, likatunga tumbo, mpaka kijana mmoja atumwe kulisukuma kwa chini na mpini wa ufagio, na maji yakamwagikie wapishi. Kitambaa hakina nguvu za kubeba kwa kusukumwa. Nguvu yake yote iko katika kuvutwa. Ukikipinda kwa pande mbili zinazopingana, upande huu ukipanda na ule ukishuka, kila uzi unavutwa na mwenzake. Maji hayapati mahali pa kutuama, upepo haupati pa kushika. Otto aliyatafuta maumbo hayo kwa maji ya sabuni: alikuwa akichovya fremu ya waya kwenye sabuni, akaitoa, na ule utando uliobaki ukamwonyesha umbo linalotumia kitambaa kidogo kuliko yote. Kisha akaupiga picha na kuupima.

Baada ya Kassel kazi zilifuatana. Mwaka 1957 alitundika hema la nyota juu ya ukumbi wa dansi kando ya mto Rhine mjini Cologne. Lilikusudiwa kwa msimu mmoja, na mpaka leo hutundikwa tena. Mwaka 1964 ilianzishwa chini yake taasisi ya majengo mepesi katika Chuo Kikuu cha Stuttgart. Likaja banda la Ujerumani kwenye maonyesho ya Montreal mwaka 1967, na mapaa ya uwanja wa Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Hayo yameandikwa sana na hayahitaji kurudiwa. Kinachotuhusu ni kitu kidogo kilichotokea Cologne mwaka 1971, kwenye maonyesho mengine ya bustani: Otto aliweka pale miavuli mikubwa ya kukunjwa, na aliigeuza juu chini.

Mwavuli wa mkononi kitambaa chake hukaa juu ya mbavu, na maji huteremka pembeni, yakamlowesha jirani. Ule wa Otto kitambaa kinaning'inia chini ya mikono, umefumbuka kama ua, na maji yote yanakimbilia katikati na kushuka kwenye nguzo. Faida yake haionekani ukiwa na mmoja. Inaonekana ukiipanga kumi, mia, ubavu kwa ubavu: paa zima bila mfereji hata mmoja, na ukitaka paa liondoke, linaondoka.

Wakati huo Otto alikuwa na kazi nyingine Uarabuni, kazi ambayo hakuweza kuitembelea. Mwaka 1966 yeye na msanifu mwenzake Rolf Gutbrod walichora hoteli na ukumbi wa mikutano uliokusudiwa kujengwa Riyadh. Baadaye Serikali ya Saudia ikauhamishia mradi huo Makka. Wachoraji wote wawili hawakuwa Waislamu, na asiye Mwislamu haingii Makka. Jengo lilisimama likakamilika mwaka 1974, likapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 1980, na waliolibuni hawakuruhusiwa kulikanyaga.

Katika ofisi ya Otto alikuwamo kijana wa Stuttgart, Bodo Rasch, aliyezaliwa mwaka 1943, mtoto wa msanifu. Mwaka 1974 Rasch alisilimu, akachukua jina la Mahmoud. Kuanzia hapo lile ambalo mwalimu wake alilichora kwa mbali, yeye angeweza kwenda kuligusa.

Lakini kabla ya Madina kulikuwa na muziki. Mwaka 1977 bendi ya Pink Floyd ilikuwa ikizunguka Marekani, ikipiga kwenye viwanja vikubwa vya michezo visivyo na paa. Vyombo vyake vingi vilikuwa vya umeme, na mvua na umeme havipatani. Paa la kawaida la jukwaa lingewazibia watazamaji wa pande za juu. Bendi ikataka kitu ambacho hakionekani mpaka kihitajike, na kikihitajika kiwe sehemu ya onyesho. Otto na Rasch wakawatengenezea miavuli kumi. Ilijificha chini ya jukwaa. Wakati ukifika ilipanda kupitia sakafu, ikiwa imejikunja, kisha ikafumbuka juu ya wanamuziki mbele ya macho ya maelfu. Onyesho likiisha, inakunjwa, inapakiwa kwenye lori, mji unaofuata.

Ndiyo, ni miavuli ileile. Umbo lake la faneli, kitambaa chini ya mikono, nguzo moja katikati: ukiziweka pamoja picha za jukwaa lile na picha za Madina utaona ukoo mmoja. Kuna Waislamu ambao hawapendi kusikia habari hii, na unaweza kuwaelewa. Ila dini haikuwahi kuuliza asili ya kitu halali. Minara ya misikiti yetu inatumia vipaza sauti vilevile vinavyotumika kwenye taarab.

Miaka hiyohiyo Rasch alikuwa akishughulika pia na Hija. Mwaka 1975 msanifu wa Kisaudia Sami Angawi, mzaliwa wa Makka, alianzisha Kituo cha Utafiti wa Hija, na Rasch akawa miongoni mwa waliofanya naye kazi. Walihesabu watu, magari, mahema, maji, taka. Tasnifu ya Rasch kuhusu miji ya mahema ya Hija ilichapishwa na taasisi ya Stuttgart mwaka 1980. Hoja yake ilikuwa kwamba bonde la Mina lisijengwe maghorofa. Wanazuoni wengi hushikilia kwamba Mina haina mwenyewe, aliyetangulia kufika ndiye mwenye nafasi. Na hema ndilo jengo pekee linaloheshimu kanuni hiyo, kwa sababu siku zikiisha linaondoka na bonde linabaki lilivyokuwa.

Hema la pamba lilikuwa na adui wake, moto. Mwaka 1975 mtungi wa gesi ulilipuka Mina na watu wapatao 200 wakafa. Tarehe 15 Aprili 1997 moto mwingine ulianza, upepo ukausukuma kutoka safu hadi safu, na mahema yapatayo 70,000 yakateketea. Walikufa mahujaji 343. Baada ya hapo majiko ya gesi yalipigwa marufuku mahemani, na mahema ya pamba yakaondolewa. Yaliyopo sasa, hayo meupe yenye vilele vilivyochongoka ambayo mahujaji wetu hulala humo, ni ya kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa teflon, kisichoshika moto. Rasch alikuwa miongoni mwa waliohusika kuyabuni. Mahema hayo hayahamishwi tena. Yanabaki bondeni mwaka mzima, matupu, yakingoja Dhulhija. Hoja ya mwaka 1980 ilishinda nusu.

Sasa Madina.

Mfalme Fahd alianza upanuzi mkubwa wa Msikiti wa Mtume mwaka 1985. Msanifu mkuu alikuwa Mmisri, Mohamed Kamal Ismail, mtu mzima aliyekwisha kujijengea jina; lile jengo kubwa la ofisi za serikali kwenye uwanja wa Tahrir mjini Cairo, Mogamma, ni lake. Katika mchoro wa Madina nyua mbili zilibaki wazi ndani ya msikiti. Ua ni jambo la asili katika misikiti ya Kiarabu, huleta hewa na mwanga. Lakini ua wa Madina mwezi wa Julai ni tanuri.

Rasch alikuwa ameshaonyesha anachoweza. Mwaka 1987 alitandika juu ya ua wa Msikiti wa Quba, nje kidogo ya mji, paa la kitambaa linalovutwa na kurudishwa. Akaitwa kwenye msikiti mkubwa. Mwaka 1992 miavuli 12, sita kila ua, ilikunjuliwa kwa mara ya kwanza, pamoja na makuba 27 yanayoteleza juu ya reli na kufungua paa.

Inafaa kusimama chini ya mmojawapo na kuutazama. Ukiwa umefungwa unaona nguzo iliyopambwa, na juu yake kitu chembamba kirefu ambacho mgeni hukidhania mnara mdogo. Ndani ya nguzo mna mtambo, mna bomba la maji ya mvua, mna nyaya za taa. Mtambo ukianza, mikono inaachana na kiini taratibu, inashuka kwenda nje, na kitambaa kinachomoka kati ya mikono hiyo, kwanza kikiwa na mikunjo, kisha kinakaza mpaka mkunjo wa mwisho unapotea. Hakuna kelele ya kusumbua swala. Kitambaa ni cha nyuzi za teflon zilizofumwa, kinaweza kukunjwa kila siku kwa miaka bila kuvunjika nyuzi, jambo ambalo kitambaa cha nyuzi za kioo kama cha Mina hakiwezi.

Na haifunguliwi kwa sababu ya jua peke yake. Wakati wa kiangazi miavuli hukunjuliwa mchana ili sakafu isipate moto, na hufungwa usiku ili joto lililobaki lipande angani. Wakati wa baridi mambo hugeuzwa: hufungwa mchana jua liingie, hukunjuliwa usiku joto lisitoroke. Ua mzima unaendeshwa na kitambaa, kwa saa.

Hapa ndipo ugomvi unapoanzia. Fungua simu, tafuta habari za miavuli ya Madina, na utakutana na kisa kinachozunguka kwa Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili. Kisa hicho hakimjui Otto wala Rasch. Kinamjua Kamal Ismail peke yake. Kinasema mzee huyo alikataa malipo ya mfalme kwa kuona haya kuja kusimama mbele ya Mungu akiwa amechukua fedha za misikiti miwili mitakatifu. Kinasema alikwenda Ugiriki kutafuta marumaru nyeupe isiyoshika joto, akanunua nusu ya mlima kwa ajili ya Makka. Miaka 15 baadaye akarudi kutaka iliyobaki kwa ajili ya Madina, akaambiwa imeshauzwa, na alipomtafuta mnunuzi akagundua ni kampuni ya Kisaudia ambayo haikuwa imegusa hata jiwe moja. Na mwishoni, kama kiungo cha kumalizia, kisa kinamwongezea miavuli.

Marumaru ya kisiwa cha Thassos ni kweli, iko chini ya miguu ya mahujaji. Hayo mengine ni simulizi, na simulizi tamu. Ila ile sentensi ya mwisho imemtoa mtu mmoja kwenye historia ili kumtukuza mwingine. Wajerumani nao hawana usafi kamili: katika maandishi ya Stuttgart Ismail anatajwa kwa ufupi, kana kwamba nyua zile mbili zilijiota zenyewe zikimngoja mtu mwenye miavuli.

Ukweli unaoonekana kwenye mawe na chuma ni huu. Mchoro ulioziacha nyua wazi ni wa Ismail. Msikiti mkubwa kuliko yote mjini haukuzibwa wote kwa zege, mtu aliweza kuswali akiliona anga, na bila hilo hapakuwa na kazi ya mwavuli. Mwavuli ni wa Rasch, na nyuma ya Rasch yupo Otto. Kwa nini basi kisa cha mitandaoni kinashinda? Pengine kwa kuwa kinampa msomaji Mwislamu fundi Mwislamu wa Kiarabu, mcha Mungu, asiyechukua fedha. Rasch naye ni Mwislamu, lakini jina lake la Kijerumani halimsaidii, na ile habari ya Pink Floyd inamharibia kabisa. Ismail alifariki mwaka 2008, akikaribia umri wa miaka 100. Miavuli 250 ya uwanjani hakuiona.

Hiyo ilikuja mwaka 2010, enzi za Mfalme Abdullah, na imekuwa maarufu kuliko ile 12 ya ndani kwa sababu ndiyo inayopokea watu wakitoka hotelini. Kanuni ni ileile, vipimo vimekua. Imepangwa mmoja juu kidogo ya mwenzake ili kingo zipishane, mvua isipenye katikati. Feni zinazorusha mvuke wa maji zimefungwa kwenye nguzo, na hujaji wa kwetu, aliyezoea jua lenye unyevu la pwani, hupata raha ya ajabu kusimama mbele yake mpaka mlinzi amwambie asogee.

Ofisi ya Rasch karibu na Stuttgart haikuishia kwenye kitambaa. Mwaka 2012 ulikamilika Makka mnara wa saa wenye urefu wa mita 601, na sehemu yake ya juu, pamoja na saa yenyewe, ni kazi ya ofisi hiyo. Mnara umesimama mahali palipokuwa na ngome ya Ajyad, iliyojengwa na Waturuki wa Uthmaniya karne ya 18 na kubomolewa mwaka 2002, Uturuki ikilalamika kwa sauti. Sami Angawi, yule aliyehesabu mahema pamoja na Rasch katika miaka ya sabini, alikuwa ameshakuwa mpinzani wa wazi wa maghorofa ya Makka na ubomoaji wa nyumba za kale. Wawili hao walianza upande mmoja, wakitetea jengo jepesi linaloliacha bonde lilivyo. Ni vigumu kuutazama mnara ule na kuiona humo tasnifu ya mwaka 1980. Mwandishi huyu anaona Angawi ndiye aliyebaki na hoja, na Rasch ndiye aliyebaki na kazi.

Otto alifariki tarehe 9 Machi 2015. Alikuwa ameshaarifiwa kwamba ameshinda Tuzo ya Pritzker, heshima kubwa kuliko zote kwa wasanifu. Waandaaji wakawahisha tangazo na kulitoa siku iliyofuata kifo chake. Miavuli imezaa kwingine pia, bila mkono wake. Msikiti Mkuu wa Semarang, Indonesia, una sita. Msikiti wa Baiturrahman wa Banda Aceh uliwekewa 12 mwaka 2017. Kwa ajili ya Makka ulitangazwa mradi wa mikubwa zaidi, yenye upana wa zaidi ya mita 50.

Haja ya kivuli nayo haijapungua. Hija ya Juni 2024 joto la Makka lilifika nyuzi 51.8, na Serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301. Zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa watu waliokwenda bila kibali, yaani wasio na hema la kuingia. Walitembea juani mwendo mrefu bila pa kujisitiri. Hesabu hiyo inaeleza thamani ya kitambaa kuliko tuzo yoyote.

Na huku kwetu? Tunarudi kutoka Madina na picha, kisha tunajenga vituo vya mabasi visivyo na hata bati la kusimama chini yake, na viwanja vya Idi ambapo nusu ya safu huswali juani. Kivuli cha kukunja tunacho, lakini tumewaachia wakodishaji wa viti na kampuni za simu, zinazosimamisha mahema yao ya miguu ya mkasi kando ya barabara siku ya promosheni na kuondoka nayo saa kumi na moja jioni. Misikiti yenye uwezo inaweka mapaa ya bati juu ya nyua zilizokuwa wazi, na ikifika Januari waumini wanatafuta feni.

Mwavuli wa Madina hatuuwezi kwa bei. Hilo halina ubishi. Lakini Otto hakuanza na mwavuli wa Madina. Alianza na pamba, nguzo mbili na kamba, kwenye bustani ya Kassel, kwa sababu Stromeyer alikubali kumkatia kitambaa kwa umbo ambalo kiwanda hakikuwahi kulishona. Mafundi maturubai wa Dar es Salaam, wale wanaoshona matandiko ya malori wamekaa chini kando ya barabara na cherehani zao nzito, wanavyo vifaa hivyo vyote na mikono inayojua kona ipi huchanika kwanza. Chuo Kikuu Ardhi, kinachofundisha wasanifu, kiko katika jiji hilohilo. Mpaka sasa fundi anakata bapa, na mvua ikinyesha harusini bado anatumwa kijana na mpini wa ufagio.